Kizingiti, Mpaka na Mzizi: Vitenzi vya Kuangamiza katika Kiingereza na Tafsiri Zake Mpakani Tunduma



Mhadhara huu unahusu kundi dogo la vitenzi. Kiingereza kina vitenzi vingi vya kueleza tendo la kukiondoa kitu kisibaki: 'destroy', 'eliminate', 'eradicate', 'exterminate', 'abolish', 'annihilate', 'obliterate' na vinginevyo. Katika matumizi ya kila siku ya wafasiri, vitenzi hivyo aghalabu hupewa visawe vilevile vya Kiswahili vinavyozungushwa: angamiza, teketeza, tokomeza, komesha, futa. Mwanafunzi anayetafuta neno moja hupewa matano. Na anayetafuta tofauti kati ya maneno matano huishia kwenye neno moja. Jambo hilo lisingekuwa na uzito mkubwa kama vitenzi hivyo vingekuwa vya riwaya na insha tu. Lakini vimo katika mipango ya afya, katika sheria za forodha na katika majina ya operesheni za dola. Tafsiri yake huchangia kuamua iwapo mzazi ataona haja ya kumpeleka mtoto wake kupata chanjo, na iwapo mfanyabiashara ataelewa kitakachoipata mali yake iliyokamatwa.

Mahali panapofaa kulitazamia suala hili ni Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mpaka unaopita hapo ni zao la mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890, yaliyougawa ukanda ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga wakajikuta pande zote mbili. Hivi sasa mtu anayetembea na mwenzake katika mitaa ya Tunduma huweza kuingia Nakonde, nchini Zambia, kabla hajamaliza mazungumzo aliyoyaanzia Tanzania. Reli ya TAZARA hupita hapo, na barabara kuu ya kwenda Lusaka hupita hapo na malori yake yanayongoja zamu. Kila kinachoondolewa upande mmoja kina pa kwenda, na pa kwenda penyewe ni hatua chache. Kwa sababu hiyo, maana ya kuondoa 'kabisa' hupimwa Tunduma kila siku kwa namna ambayo haipimwi Dodoma wala Dar es Salaam.

Asili iliyosahauliwa

Vitenzi vingi vya Kiingereza vya kundi hili vimetoka katika Kilatini, na wasemaji wake wa kawaida hawaikumbuki tena asili hiyo. 'Eliminate' imetokana na neno lenye maana ya kizingiti: kueliminisha, kama ingeruhusiwa kusema hivyo, kulikuwa kumtoa mtu nje ya mlango. 'Exterminate' imetokana na neno lenye maana ya mpaka, na maana yake ya awali ni kufukuza nje ya mipaka. Maana ya kuua wote pasibaki hata mmoja ilikuja kutawala baadaye. 'Eradicate' imetokana na mzizi, kwa hiyo ni kung'oa. 'Annihilate' ni kukifanya kitu kiwe si kitu. 'Obliterate' huhusishwa na herufi, yaani kufuta maandishi. Kuna pia 'decimate', ambayo kwa Warumi ilikuwa kuua askari mmoja katika kila kumi, na ambayo magazeti ya Kiingereza huitumia kama kwamba waliokufa ni tisa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba vitenzi hivyo havikuanza kwa kumaanisha kitu kimoja. Kimoja kilimtoa mtu mlangoni, kingine kikamvusha mpaka, kingine kikaigusa ardhi na kung'oa kilichomo. Aliyetolewa mlangoni yu hai uani. Aliyevushwa mpaka yu hai ng'ambo. Mmea uliong'olewa pamoja na mizizi yake ndio pekee usiotarajiwa kuchipua. Kiingereza cha mitaani kimezifuta tofauti hizo, lakini Kiingereza cha tiba kimezifufua, kama itakavyoonekana.

'Mbali' kama kipimo cha ukamilifu

Kiswahili nacho kina utaratibu wake wa kueleza ukamilifu wa tendo, nao haujapewa nafasi unayostahili katika sarufi za shule. Kitenzi kikitiwa kiambishi cha kutendea, mara nyingi kwa kukirudufu, kisha kikafuatwa na 'mbali', hupata maana ya tendo lililofika mwisho wake: kutupa na kutupilia mbali, kufuta na kufutilia mbali, kupotea na kupotelea mbali, kuua na kuulia mbali. Hapo 'mbali' haitaji tena maili. Ombi lililotupiliwa mbali na mahakama halijasafirishwa. Jalada lake limo kabatini humohumo. Hata hivyo sitiari haijafa. Kwa Mswahili, kilichokwisha kabisa ni kile kilichokwenda mahali ambapo jicho halifiki.

Sambamba na utaratibu huo kuna vitenzi vinavyotaja namna ya kuangamia. Kuteketea ni hasa kwa moto. Kugharikisha ni kwa maji. Kubomoa ni kwa kilichojengwa. Mkulima wa kahawa wa Mbozi hachanganyi kufyeka, kung'oa na kuteketeza, maana kila tendo lina chombo chake na ujira wake. Aliyefyeka ameacha mashina na mizizi, na mvua za kwanza zitamkumbusha. Aliyeng'oa amebakiwa na rundo la miti shambani. Anayetaka ugonjwa wa miti usihamie shamba la jirani huambiwa ang'oe, kisha ateketeze. Mpangilio huo wa matendo matatu ni nadharia kamili ya uangamizaji, nao umo katika lugha tayari.

Umuhimu wa kutaja namna huonekana vizuri zaidi katika shughuli za forodha. Kituo cha huduma kwa pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, na shughuli zake upande wa Tanzania huongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, iliyoandikwa kwa Kiingereza. Kiingereza cha sheria za aina hiyo hupenda sana kitenzi 'dispose of'. Kitenzi hicho ni kinyonga: mali iliyokamatwa huweza kupigwa mnada, kugawiwa au kuharibiwa, na matendo yote hayo yakaitwa kwa jina hilo moja. Mfasiri akiandika 'kuteketeza' amekwisha washa moto ambao sheria haikuutaja. Akiandika 'kuharibu' ameufunga mlango wa mnada. Akiandika 'kuondosha' amebaki mwaminifu kwa matini, ila amemwacha mwenye mali gizani. Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, suala hili limetoka katika madarasa ya tafsiri na kuingia katika vyumba vya hukumu. Ushauri unaotolewa hapa ni kwamba mfasiri asitafute kitenzi kimoja chenye upana wa kile cha Kiingereza, bali ayataje matendo yenyewe: kuuza, kugawa au kuharibu. Urefu wa sentensi si hasara pale ambapo ufupi wake unamgharimu mtu lori zima la bidhaa.

Kitenzi 'destroy' kina upungufu wa aina hiyohiyo kwa upande wa pili. Mwishoni mwa Oktoba 2017, katika mpaka mwingine wa Tanzania, ule wa Namanga na Kenya, vifaranga vipatavyo 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya viliangamizwa kwa hofu ya kueneza ugonjwa. Kiingereza cha kiofisi huliita tendo hilo 'destroy' na kupita. Kiswahili kilisema vifaranga viliteketezwa, na kwa kusema hivyo kikasema ukweli wote, kwani vilichomwa moto. Hasira iliyofuata haikutokana na uamuzi pekee; ilitokana pia na picha iliyobebwa na kitenzi. Huenda mwandishi wa taarifa za serikali akauona uwazi huo wa Kiswahili kuwa ni usumbufu. Kwa msomaji ni haki yake.

Safari ya 'tokomeza'

Katika kundi lote, kitenzi kilichopanda cheo zaidi ni 'tokomeza'. Kutokomea ni kwenda hadi kutoonekana: mtu hutokomea gizani, gari hutokomea kwenye vumbi, mwizi hutokomea kusikojulikana. Umbo lake linaelekea kuwa na nasaba na 'toka'. Kutokomeza basi ni kufanya kitu kitoke hadi kisionekane tena. Atakayeilinganisha maana hiyo na kizingiti cha 'eliminate' na mpaka wa 'exterminate' ataona kwamba lugha mbili zisizo na udugu zimefuata njia moja: zote zimeanzia mlangoni. Lakini ni Kiswahili tu ambacho bado kinakumbuka. Msemaji anayesema 'alitokomea Zambia' hana shaka kwamba aliyetokomea yu mzima.

Kitenzi hicho kilipata umaarufu mchungu mwaka 2013, katika Operesheni Tokomeza Ujangili. Ilianza Oktoba, ikasitishwa Novemba kutokana na malalamiko ya mateso, vifo na uporaji wa mali za raia, na baada ya ripoti ya kamati ya Bunge kujadiliwa Desemba mwaka huo, mawaziri wanne waliondoka madarakani. Haitakuwa haki kukibebesha kitenzi makosa ya watu. Hata hivyo mwanaisimu hawezi kupuuza kwamba yambwa ya 'tokomeza' katika jina lile ilikuwa ujangili, nomino ya dhahania isiyo na nyumba wala ng'ombe, ilhali waliogongewa milango walikuwa na vyote viwili. Kitenzi cha uangamizaji kikikosa yambwa inayoshikika hutafuta nyingine.

Vitenzi vya afya

Sasa ndipo Kiingereza cha tiba kinapohitajika. Wataalamu wa magonjwa, hasa baada ya mkutano wa Dahlem uliofanyika Berlin mwaka 1997, hutenga hatua nne. Ya kwanza ni kudhibiti: ugonjwa upo, lakini umepunguzwa hadi kiwango kinachovumilika. Ya pili ni 'elimination': maambukizi yamefikia sifuri katika eneo fulani lililotajwa, na juhudi lazima ziendelee ili yasirudi. Ya tatu ni 'eradication': maambukizi yamefikia sifuri ulimwenguni kote na kwa kudumu, kiasi kwamba juhudi zinaweza kusimamishwa. Ya nne ni kimelea chenyewe kutokuwapo tena, si katika maumbile wala katika maabara. Kilatini kilichosahauliwa kimerudi mahali pake. 'Elimination' imerejea kizingitini: ugonjwa uko nje, mlango umefungwa, na mlinzi haruhusiwi kulala. 'Eradication' imerejea kwenye mzizi.

Katika Kiswahili cha matangazo, hatua ya pili na ya tatu zote huitwa 'kutokomeza'. Kwa nchi ya kisiwani pengine kosa hilo lingechukua muda kudhihirika. Kwa Songwe hudhihirika haraka.

Mfano wa kwanza ni wa mifugo. Sotoka iliingia Afrika ya Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ikapita kuelekea kusini na kuuvuka mto Zambezi mwaka 1896, ikiwa imeacha nyuma yake njaa isiyosimulika. Iliporudi kusogea kusini mwa Tanganyika kuelekea miaka ya 1940, serikali za kikoloni ziliogopa historia isijirudie. Katika ukanda wa mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ukanda uleule ambao Tunduma imo, ng'ombe walichanjwa, wanyamapori wakapigwa risasi na uzio ukajengwa. Kusini kulisalimika. Je, sotoka ilikuwa imetokomezwa? Kwa mtu wa Lusaka, ndiyo, kwa maana kamili ya neno: ilikuwa nje ya upeo wake. Kwa mfugaji wa kaskazini mwa Tanganyika jibu lilikuwa jingine. Haikuwa imeng'olewa. Kazi hiyo ilikamilika miongo kadhaa baadaye, kwa chanjo na si kwa nyaya, na mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatangaza kwamba sotoka haipo tena duniani. Kati ya uzio wa mpakani na tangazo la 2011 kuna takribani miaka sabini, na miaka hiyo ndiyo tofauti kati ya vitenzi viwili vinavyotafsiriwa kwa kimoja.

Nzige wekundu wa bonde la Rukwa, ambalo Wilaya za Momba na Songwe zinapakana nalo, wanatoa funzo la namna nyingine. Shirika lililoanzishwa mwaka 1949 na kuwekwa Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala, lilijiita la kudhibiti, na mrithi wake aliyeko Ndola ameliendeleza neno hilo. Hakuna aliyeahidi kuwamaliza nzige. Kusudi lilikuwa wasiunde makundi na kutoka bondeni. Ni nadra kwa taasisi kuwa na jina lisilotia chumvi.

Mfano wa karibu zaidi ni wa polio. Tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio. Matangazo ya Kiswahili yalisema polio imetokomezwa, na kwa maana ya kizingiti yalisema kweli. Februari 2022 Malawi ikatangaza kumpata mtoto mwenye virusi hivyo mjini Lilongwe, navyo vilikuwa na nasaba na virusi vya Pakistani. Machi mwaka huo Tanzania ikaanza kampeni ya chanjo katika mikoa minne iliyo jirani na Malawi: Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Mama wa Ileje, ambaye Malawi kwake ni ng'ambo ya mto Songwe, akatakiwa amtoe mtoto ili apewe matone ya kumkinga na ugonjwa ambao redio ilikuwa imekwisha kumwambia kwamba umetokomezwa. Kama aliuliza maswali, hakuuliza kwa ujinga. Aliuliza kwa sababu alikuwa ameambiwa neno moja mahali palipostahili mawili.

Ukoma una tatizo lililo kubwa kuliko hilo. Mwaka 1991 Shirika la Afya Duniani liliweka shabaha ya 'elimination' ya ukoma kama tatizo la afya ya jamii, na kipimo kilikuwa chini ya mgonjwa mmoja katika watu 10,000. Hapo 'elimination' si sifuri hata katika eneo dogo. Ni kiwango tu. Kuandika 'kutokomeza ukoma' kwa maana hiyo ni kumwambia mgonjwa aliyebaki kwamba hayupo. Zahanati ikiamini hivyo, doa lisilo na hisia litapewa dawa ya fangasi.

Zanzibar imechagua njia yake. Katika taarifa za huko husikika 'kumaliza malaria', wakati mpango wa Tanzania Bara umeitwa wa kudhibiti. Wazanzibari wana sababu ya kuchagua kwa uangalifu: mradi uliotekelezwa visiwani humo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 uliipunguza malaria sana, ukasimamishwa mwaka 1968, na malaria ikarudi. Wakati ule Kiingereza cha kampeni ya dunia, iliyodumu kati ya 1955 na 1969, kilikuwa 'eradication', yaani mzizi. Kumbe kilichofanyika kilikuwa kufyeka. Hata hivyo 'maliza' ina udhaifu wake, maana anayemaliza hupumzika, na hatua ya pili haimruhusu mtu kupumzika.

Pendekezo na pingamizi

Inapendekezwa basi kwamba 'tokomeza' iachiwe hatua ya pili, kwa kuwa asili yake inafaa, na kwamba isiandikwe katika maandishi ya afya bila kutajiwa mahali: kutokomeza polio nchini, kutokomeza malaria kisiwani. Kwa hatua ya tatu lipo neno lililokomaa mashambani, nalo ni 'kung'oa', likifuatana na 'duniani'. Kwa kipimo cha ukoma, kitenzi cha uangamizaji kiachwe kabisa na isemwe wazi: kuupunguza hadi usiwe tishio kwa afya ya jamii. Hatua ya nne inafaa 'kutoweka'. Ndui, ambayo mgonjwa wake wa mwisho wa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin wa Merka, Somalia, Oktoba 1977, na ambayo ilitangazwa mwaka 1980 kwamba imekwisha, ni mfano wa ugonjwa uliong'olewa ambao virusi vyake havijatoweka: vimehifadhiwa katika maabara mbili, moja Atlanta na nyingine Koltsovo, Urusi.

Pingamizi la kwanza linatarajiwa kutoka kwa wale wasemao kwamba 'kung'oa' ni neno la meno na la siasa, kwamba wabunge hung'olewa majimboni na kurudi baada ya miaka mitano. Pingamizi hilo lina uzito, nalo ndilo sababu ya kusisitiza 'duniani' kama sehemu ya istilahi. Pingamizi la pili ni kwamba wananchi hawatazijua tofauti hizi. Lakini wanaotenganisha kufyeka na kung'oa ni wananchi wenyewe; wanaovichanganya ni waandishi wa mabango. Tangazo la kampeni kama ile ya 2022, likibandikwa Itumba au Vwawa, lingeweza kusomeka hivi, na lisihitaji maelezo ya mtaalamu: 'Polio ilitokomezwa Afrika, lakini haijang'olewa duniani. Imeonekana Malawi. Mlete mtoto apate matone.'